Mama Asiyelala: Hofu ya Kuachwa na Imani ya Mkristo

Wewe uliye jikoni, wewe unayeanika omena hapo nje, nawe nyanya uliyembeba mjukuu mgongoni, vuta kiti ukae. Leo sitazungumza juu ya malaria wala chanjo. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halina kipimo cha damu, na ambalo akina mama wengi hulitaja kliniki wakiwa tayari wamesimama kwenda zao. Ni hofu ya kuachwa.

Fikiria usiku usio na mwezi. Ukisimama juu ya vilima vya Gwassi ukitazama ziwa, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mji. Kwa mgeni ni jambo la kupendeza. Kwa mama aliyelala na mtoto wa mwezi mmoja, kila taa ni swali. Yuko wapi? Yuko na nani? Alituma ujumbe saa tatu usiku, hakuna jibu. Saa tano anapiga, simu imezimwa. Saa saba anamkumbuka yule mwanamke mchuuzi wa samaki aliyekuwa akicheka sana na mume wake siku ya soko. Saa tisa mtoto analia, na mama analia pia. Asubuhi mume anarudi amelowa na amechoka, na kabla hajaketi, vita vimeanza. Kumbe betri ya simu iliisha. Au pengine si betri. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na ndiyo maana sitakuambia leo, kama ulivyoambiwa mara nyingi, kwamba ni wivu tu, uache.

Kwanza tuuangalie mwili. Hofu ya namna hii hukaa mwilini. Moyo hupiga haraka, tumbo hukaza, kichwa huuma, chakula hakipiti. Mama anayenyonyesha husema, "Maziwa yamekauka kwa mawazo." Sikiliza vizuri hapa. Mawazo mengi yanaweza kuyachelewesha maziwa kushuka wakati mtoto anaponyonya, lakini hayakaushi matiti. Maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa. Kwa hiyo usikimbilie uji wala maziwa ya ng'ombe kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Keti mahali patulivu, kunywa maji, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Yatashuka.

Lakini kama huzuni, kilio, kukosa usingizi hata wakati mtoto amelala, au kutomjali mtoto kumeendelea zaidi ya wiki 2, huo huenda ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua. Si tabia mbaya, wala si pepo. Una matibabu. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakujia, usingoje Jumapili wala siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Sasa turudi kwenye hofu yenyewe. Mimi huifananisha na mbwa wa boma. Mbwa mzuri hubweka mwizi akija. Lakini mbwa aliyewahi kupigwa mawe hubweka hata majani yakianguka. Hatumfukuzi mbwa, kwa maana tunamhitaji. Wala hatuamki kila anapobweka tukachukua panga. Tunatoka na taa, tunaangalia kuna nini.

Na katika pande zetu hizi, mbwa ana sababu ya kubweka. Tusidanganyane. Wanaume huhama kuwafuata samaki, leo Muhuru, kesho Remba au Ringiti, na mwezi ujao hujui ni wapi. Wengine wako kwenye migodi ya dhahabu kule Macalder. Mambo ya jaboya, ambapo mwanamke hupewa samaki baada ya kulala na mvuvi, kila mtu ufuoni anayajua. Kuna mke mwenza, nyieka, ambaye wakati mwingine unamfahamu tu siku anapoletwa nyumbani. Na kuna UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliotoa damu za watu nyumba kwa nyumba ulionyesha kwamba Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 walikuwa na virusi, na Migori karibu 13, wakati nchi nzima ilikuwa karibu 5. Mama anayeogopa katika nchi kama hii si mwanamke asiye na imani. Ana macho.

Ndiyo maana hunikera kumsikia mhubiri akimwambia mama wa namna hii kwamba akiwa na hofu basi hajaokoka. Kweli, Yohana katika waraka wake wa kwanza anafundisha kwamba upendo uliokomaa huitoa hofu nje. Lakini anayetoa ni upendo. Hasemi mwenye hofu apigwe kwa maneno mpaka anyamaze. Mama aliyenyamazishwa hajapona, amejifunza tu kulia bila sauti.

Fungua Biblia yako kitabu cha Mwanzo, sura ya 29 na ya 30, usome taratibu habari za Lea. Aliingizwa katika ndoa na baba yake kwa hila, usiku, na mume hakumtaka. Mume alimtaka mdogo wake, Raheli. Wote wawili wakawa wake wa mtu mmoja, katika boma moja. Hakuna mama wa pande hizi anayehitaji kuelezwa hali hiyo.

Sisi huku humwita mtoto kwa saa au majira aliyozaliwa: Akinyi wa asubuhi, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Lea aliwaita watoto wake kwa majira ya moyo wake. Alipomzaa Reubeni alisema Mungu ameyaona mateso yake, na sasa mume atampenda. Akamzaa Simeoni, na jina hilo bado ni la mwanamke anayejua kwamba hapendwi. Kwa Lawi akasema safari hii mume ataambatana naye, kwani amemzalia wana watatu. Watatu! Umewahi kuhesabu hivyo? "Nikimpa mvulana atatulia. Nikimpa wa pili hatakwenda tena kule kisiwani." Nimekutana na akina mama waliobeba mimba ya nne na ya tano kwa hesabu hiyo hiyo, mwili ukiwa umechoka, damu ikiwa haitoshi, na uzazi uliotangulia ulikuwa wa upasuaji. Mtoto hawezi kufanya kazi ya kamba. Hakuzaliwa kumfunga baba yake nyumbani.

Kisha Lea akamzaa wa nne, Yuda, na kwa mara ya kwanza katika jina la mtoto mume hatajwi. Alimsifu Mungu tu, akanyamaza. Nadhani hapo ndipo alipopumzika. Hali ya nyumba haikubadilika hata kidogo. Yakobo hakuanza kumpenda siku hiyo. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa akitazama ili ajue kama yeye ni mtu.

Wahubiri wengi humalizia hapo, watu wakasema amina. Lakini endelea kusoma. Sura inayofuata, Lea amerudi vitani. Anampa mume mjakazi wake. Anabadilishana tunguja na mdogo wake ili apate usiku mmoja na mume. Na anapomzaa Zabuloni, mwana wake wa sita, mume amerudi katika jina la mtoto. Mimi nashukuru kwamba hilo halikufichwa, kwa sababu ndivyo ilivyo. Unaweza kuwa na amani ya kweli mwezi wa tatu, na mwezi wa saba ukajikuta unapekua mifuko ya suruali. Hujapoteza wokovu. Mbwa amebweka tena, toka na taa.

Basi hofu hii huanzia wapi? Mara nyingi huanza kabla hujamjua mwanamume yeyote. Mwaka 1954 mtafiti mwanamke aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda na mume wake. Alitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akikaa nazo muda wa saa 2 hivi kila baada ya wiki 2, kwa miezi mingi, akiwaangalia akina mama na watoto wanaonyonya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humsoma vizuri, akajua hiki ni kilio cha njaa na hiki ni cha usingizi, haharibiki wala hadeki kupita kiasi. Mtoto huyo hutambaa mbali na mama, akacheza, akageuka kumtazama, akaendelea. Anajua mama yupo. Wapo wengine waliolia sana hata wakiwa mapajani mwa mama, kama watu wasio na hakika. Mambo haya yanafundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima, na yalianza kuonekana kwa akina mama wa Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa letu.

Sasa jiangalie. Wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwa watoto miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UKIMWI ulipowaondoa wazazi wengi sana katika pande hizi, dawa zikiwa bado hazijaenea. Mlilelewa na nyanya, mkahamia kwa shangazi, mkahamishwa tena. Siku moja mtu aliondoka asubuhi kwenda hospitali, hakurudi, na hakuna aliyekuambia ukweli. Mtoto aliyepitia hayo hujifunza kushika kwa nguvu. Akiwa mtu mzima, mume akichelewa saa 2, moyo wake haujui kwamba ni saa 2 tu. Unakumbuka ile siku. Kulijua hili hakumalizi hofu, lakini kunakusaidia kujua ni kiasi gani cha hofu ni cha mume huyu, na kiasi gani ni cha zamani.

Kuna jambo ambalo kwa sababu yake hofu hii inaweza kuua, na sitalipita haraka. Mama amepimwa kliniki akiwa mjamzito, amekutwa na virusi, ameanza dawa. Anaogopa kumwambia mume, kwa kuwa ataambiwa yeye ndiye aliyeleta, na atarudishwa kwao. Anaficha dawa ndani ya debe la unga. Mume akiwa nyumbani siku 3, siku 3 hizo hamezi. Dawa ya maji ya mtoto anaimwaga nyuma ya nyumba. Wiki ya 6 inafika ambapo mtoto anapaswa kupimwa, naye haji, maana mama mkwe atauliza kwa nini mtoto anatolewa damu.

Mama, naomba uyashike haya. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa kila siku na mtoto akipata zake, hawafiki 5. Mtoto hupimwa akiwa na wiki 6, kisha miezi 6, miezi 12, na tena miezi 18. Na mtu anayemeza dawa vizuri mpaka kipimo kikaonyesha virusi havionekani hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Virusi kutoonekana si kupona, kwa hiyo dawa zinaendelea, hasa wakati wa kunyonyesha. Lakini lile neno kwamba mwenye virusi na asiye navyo hawawezi kuishi pamoja si kweli. Zipo nyumba nyingi za namna hiyo.

Kumwambia mume kuna njia. Si lazima uwe peke yako, usiku, katikati ya ugomvi. Unaweza kumwomba mwuguzi akualike na mume mpimwe pamoja, nanyi mpewe majibu pamoja, kana kwamba ni mara ya kwanza kwa wote. Unaweza kumtumia mshauri wa kliniki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inamkataza mhudumu kutoa siri yako bila ruhusa yako. Na ikiwa mume huyo amewahi kukupiga au kukutishia, usimwambie kabla hujazungumza na mshauri juu ya usalama wako. Ukweli ni jambo jema, lakini hata Bwana Yesu, walipotaka kumkamata kabla ya saa yake, aliondoka mahali pale.

Nikizungumzia kupigwa, niseme na hili. Wakati mwingine mwenye hofu ya kuachwa ni mume. Anakagua simu yako, anahesabu nauli uliyotumia kwenda Homa Bay mjini, anakukataza kwenda kwa mama yako, halafu anasema ni kwa sababu anakupenda. Huo si upendo. Na mkono ukishainuliwa, huo si msalaba uliopewa kuubeba. Kuna namba ya simu ya 1195, haitozwi pesa, hupokea mchana na usiku kwa watu wanaodhulumiwa nyumbani. Iandike mahali unapopajua wewe, kwa jina jingine.

Tukirudi kwa yule mama wa usiku wa omena, afanye nini? Kwanza asimhoji mume alfajiri. Mvuvi aliyekesha ziwani na mama aliyekesha kitandani wote hawana akili ya mazungumzo. Amwache ale, alale. Baadaye aseme, na aanze na yake mwenyewe: "Simu yako ikizima usiku, mimi hushindwa kulala, hata mtoto nashindwa kumnyonyesha vizuri. Naomba uniambie mnapoondoka mmeelekea wapi." Hiyo ni tofauti kabisa na "Ulikuwa na malaya wako." Neno la kwanza linaweza kujibiwa. La pili hata mtu asiye na kosa atalijibu kwa hasira. Na ukiuliza, uwe tayari kusikia. Kama kweli yuko mwingine, ni afadhali ujue, mpime nyote, mtumie kondomu, mpange mambo ya watoto, kuliko kuishi kwa kunusa mashati. Tena ujue ndoa yako ni ya aina gani. Kwa sheria ya ndoa ya mwaka 2014, aliyefunga ndoa ya Kikristo hawezi kuoa mke wa pili juu ya ndoa hiyo. Ndoa ya kimila ni tofauti.

Halafu tafuta mtu mmoja. Mmoja tu. Tangu Wasabato walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, makanisa yamejaa pande hizi, na kila kanisa lina akina mama wake: Dorkasi, Umoja wa Akina Mama, jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, akina mama wa Legio Maria. Katika kila kikundi yuko mama anayesikia jambo na halitoki. Unamjua, kwa sababu hujawahi kumsikia akieleza habari za wengine. Huyo ndiye. Siyo yule anayeomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Akiwa ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ni vizuri zaidi, anajua pia njia ya kliniki.

Na maombi? Omba kama Hana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Yeye naye alikuwa na mke mwenza aliyemchokoza mpaka akashindwa kula. Alimwaga yote mbele za Mungu, midomo ikitikisika, mpaka kuhani akadhani amelewa. Alipomaliza, alikwenda akala chakula. Mtoto hakuwa amepatikana bado. Mimi huwaambia akina mama waangalie hapo: baada ya kuomba, alikula. Ombi linalokuacha umefunga siku 7 huku unanyonyesha si la kukusaidia; mama anayenyonyesha ahitaji kula. Na yeyote anayekuambia uache dawa za virusi kwa kuwa amekuombea, au anayetaka pesa ili amrudishe mume wako kwa maji na mafuta, awe amevaa joho la kanisa au hirizi, ondoka hapo na mtoto wako.

Kabla sijaondoka, kuna nyanya mmoja aliuliza swali wiki iliyopita. Ana mjukuu wa miaka 3, mama yake yuko Nairobi kwa kazi za nyumbani. Mtoto analia nyanya akienda hata kuteka maji, na majirani wanasema achapwe ili azoee. Nyanya, usimchape. Kiboko kitamfundisha kwamba hofu yake ni kweli. Wala usimtoroke akiwa anacheza, kwa maana safari nyingine hatacheza, atakulinda. Mwambie, "Nakwenda mtoni, narudi na ndoo, kisha tutapika." Ukirudi, umwonyeshe: "Unaona, nimerudi." Mama yake apige simu siku ile ile kila wiki, hata kama ni dakika 2. Asiahidi Krismasi kama hana hakika ya nauli. Na kama kuna leso ya mama yake imebaki nyumbani, mwache mtoto ailalie.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Uwe na kijiko na kikombe karibu. Oriti.